Nilimfundisha Kurudi Nyuma

Vijana wa siku hizi wakinikuta nimekaa kibarazani huanza na shikamoo, halafu macho yao yanatua kwenye pua yangu iliyopinda, halafu linakuja swali lile lile. Mzee, ni kweli ulikuwa bondia? Nikiitikia, linafuata la pili: eti ngumi za ulingoni zinamsaidia mtu akivamiwa njiani? Wanataka niseme ndiyo, waende zao wamefurahi. Kwa kawaida huwafukuza. Nasema nina kazi, na kazi yenyewe sina. Leo nitajibu, tena nitajibu mara moja tu, maana jambo hili likinipanda kichwani hata chakula hakipiti.

Ngumi nilijifunza jeshini, wakati wa vita vya pili vya dunia. Sikwenda kuzitafuta. Nilichukuliwa kutoka kwetu, kijiji cha wafugaji upande wa Shinyanga, nikiwa najua fimbo tu. Kwetu mwanamume hatoki nyumbani bila fimbo, hata akienda kwa jirani kuomba moto. Jeshini wakatunyang'anya fimbo, wakatupa bunduki, na jioni wakatuvalisha glovu na kutuambia tupigane kwa sheria. Kupigana kwa sheria! Tulicheka mpaka sajini akatukimbiza uwanja mzima. Lakini sitaki kusema uongo, nililipenda jambo lile. Nilipenda kwamba watu wawili wanaweza kutwangana, mtu wa tatu akasema basi, na wote wawili wakaacha.

Vita vilipokwisha nikaenda Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Kwetu ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ukame, na mtu aliyetoka jeshini hakupata shida kuandikwa kazi. Nilipewa mashine ya kutobolea mwamba, chini kabisa, mahali ambapo taa yako ya kabaidi inamulika vumbi tu. Vumbi la mwamba si kama la barabarani. La barabarani unapiga chafya linatoka. Lile linaingia kifuani na kukaa. Wenzangu niliowakuta shimoni walikuwa wanakohoa usiku kucha kambini, na waliokohoa sana walirudishwa kwao, na baada ya muda tulisikia habari zao. Mwaka wa pili nami nikaanza kukohoa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye maneno mengi, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Mayu, ndivyo kwetu tunavyomwita mama, hakumkataza kuondoka, ila alimpa salamu za kunifikishia, naye akanifikishia akiwa anacheka: "Mayu anasema, huko chini umeshuka wewe, inatosha. Mimi nisishuke." Alidhani ni woga wa kizee. Mimi sikucheka. Tangu siku ile nilikuwa na kazi moja tu katika dunia hii, kuhakikisha yule mtoto haingii shimoni.

Kazi za juu zilikuwepo, lakini zilikuwa chache, na zilikuwa na wenyewe. Mzungu aliyesimamia mitambo ndiye aliyezigawa. Na mzungu huyo alikuwa mgonjwa wa ngumi. Kila Jumamosi alasiri alifunga kamba kwenye nguzo nne karibu na karakana, akaleta glovu, akawa refa mwenyewe. Kambi nzima ilikuja: Wasukuma, Waha, Wahaya, Wazinza, watu wa pwani wenye kofia zao. Aliyeshinda mara tatu au nne, bwana huyo alimwita Jumatatu na kumwuliza kama angependa kufanya kazi juu. Hakuna aliyetangaziwa hivyo. Kila mtu alijua.

Basi nikamfundisha mdogo wangu. Nyuma ya nyumba zetu nilining'iniza gunia la maranda, na kila jioni nikitoka shimoni, kabla hata ya kunawa, tulikuwa pale. Alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi ajabu. Alikuwa pia na mdomo. "Kaka, mbona wewe una pua kama kona ya barabara na ndiye unayenifundisha kukwepa?" Nilimsukumia gunia likamgonga mbavuni. Akacheka. Nilikuwa na furaha siku zile, nasema wazi, pengine kuliko siku nyingine yoyote niliyokaa Geita.

Pambano lake la kwanza aliliharibu. Alikutana na mpishi mmoja wa kambi, jitu zito. Akampiga, jitu likaenda chini kwa goti, na mdogo wangu akamwongeza nyingine palepale akiwa ameinama. Watu wakashangilia. Nani asingeshangilia? Kwetu ukimwangusha mtu unamkalia. Lakini mzungu alimtoa nje, akaja kwangu amewiva uso. "Wewe ulikuwa askari. Mfundishe ndugu yako. Akirudia tena, haji hapa, na kazi ya juu asahau."

Ala! Niliogopa kuliko nilivyoogopa vitani. Kwa hiyo kwa miezi miwili sikumfundisha kupiga, alijua kupiga. Nilimfundisha kuacha. Nilishika fito, nikasimama kama refa, nikajiangusha mwenyewe mavumbini mbele yake. Akisita, nilimchapa fito ya miguu.

"Mtu akianguka?"

"Narudi nyuma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye nguzo."

"Na mikono?"

"Naishusha, mpaka refa aseme piga."

"Refa asiposema?"

"Nangoja."

Nilimchapa hata alipojibu sawa, ili mwili ujue kabla ya kichwa. Miguu yake ilikuwa na mistari kama ya mtoto mtoro. Mwishoni nilikuwa nikijiangusha ghafla mbele yake tukiwa njiani kutoka kisimani, ndoo kichwani, naye alirudi nyuma hatua nne bila kuwaza, akatafuta nguzo, na pasipo nguzo alitafuta mti. Wanawake walituona wakadhani tumerogwa. Mimi nilijipongeza. Nilisema, sasa huyu amekomaa.

Na kweli. Alishinda mapambano manne mfululizo, safi, bila doa. Alikuwa akimwangusha mtu, anageuka, anatembea polepole mpaka kwenye nguzo, anaegemea, na kambi nzima inahesabu pamoja na mzungu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Ule ndio ulikuwa utamu wa Jumamosi. Watu ambao hawakujua kusoma walijua kuhesabu kwa kishindo.

Jumatatu akaitwa. Akapewa kujifunza winchi, ile mashine inayoshusha na kupandisha watu shimoni. Hakuna kazi ya juu iliyopita ile kwa mtu mweusi. Dereva anakaa kitini, anasikiliza kengele kutoka chini, na anatazama alama zilizochorwa kwenye waya mnene unaojizungusha kwenye ngoma ya mashine. Alama ikimpita kidogo, watu waliomo ndani ya keji, lile sanduku la chuma, wanagonga mwamba. Ni kazi ya macho. Daktari wa mgodi alimpima macho yote mawili kabla hajakanyaga pale. Baada ya miezi sita ya kujifunza, Jumatatu moja, mzungu angemkabidhi winchi iwe yake. Nilikuwa nikishuka asubuhi nikijua ni mkono wa mdogo wangu unaonishusha, na kifua changu kilikuwa chepesi, pamoja na kikohozi chake chote.

Jumapili ya kabla ya Jumatatu ile tulikwenda gulioni. Sasa nitasema ugomvi ulikuwa wa nini, na anayetaka kucheka acheke. Ulikuwa wa maini.

Mchinjaji alikuwa na kibanda cha nguzo na nyasi pembeni mwa gulio. Nyama ilining'inia kwenye nguzo ya mbele, na nguzo hiyo hiyo ndiyo aliyotundikia panga zake. Chini, jua likiwa kali, alikuwa amewamba ngozi ya ng'ombe wa asubuhi kwa vigingi vya mti, vimechongwa ncha. Mdogo wangu alikuwa ameyachagua maini yale mapema, mchinjaji akayaweka kando juu ya jani la mgomba. Tulikuwa tunataka kuyala siku hiyo kwa furaha ya kesho. Akaja mtu mwingine. Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mchunga ng'ombe kwa sura yake, ametoka mbali kununua chumvi, na fimbo yake mkononi. Akayachukua maini.

"Hayo yana mwenyewe," mdogo wangu akasema.

"Maini yana mwenyewe? Mwenyewe si alichinjwa?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye alicheka, nakumbuka, alipenda mtu mwenye jibu. Angeacha tu. Lakini katika kuyavuta, jani likapasuka, maini yakaanguka mchangani, na kila mmoja akasema ni mwenzake. Yule mtu akamsukuma kwa kichwa cha fimbo, kifuani. Mara moja, mara mbili.

Nilikuwa hatua tano tu pale, natafuna muwa. Ningeweza kuingia kati. Sikuingia, na sababu ni aibu kuisema: nilitaka kuona. Wenzetu wa kambini walikuwa wengi pale gulioni, walimtambua bingwa wao, wakatengeneza duara bila kuambiwa. "Mpe! Mpe ya kushoto!" Mdogo wangu akavua kofia, akampa mtu aishike. Akasimama kama nilivyomsimamisha. Yule mchungaji akainua fimbo kupiga. Kabla haijashuka alikuwa amekwisha kula ya kushoto mbili na ya kulia moja, na fimbo ikaruka huko, naye akaanguka chali juu ya ile ngozi iliyowambwa.

Lo, ilikuwa ngumi nzuri! Nawaambieni, vijana, mnaotaka kujua kama zinasaidia. Zilisaidia. Mtu mwenye fimbo dhidi ya mtu mwenye mikono mitupu, na mwenye fimbo ndiye aliyelala. Wala sikushangaa. Nilitema muwa nikapiga vigelegele kama mwanamke.

Mdogo wangu akageuka. Akatembea hatua nne, polepole, mpaka kwenye nguzo ya mchinjaji, akaegemea. Akashusha mikono.

Na kambi ikaanza kuhesabu. Moja! Mbili! Tatu! Gulio lote likatuangalia. Hakukuwa na refa, hakukuwa na kamba, ilikuwa soko la chumvi na viazi, na sisi wapumbavu wa mgodini tulikuwa tunahesabu. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Niseme tena? Nilihesabu. Nne! Tano! Niliona yule mtu anajigeuza kwa tumbo, niliona mkono wake unapapasa ukingo wa ngozi, nikadhani anatafuta pa kujiegemeza ainuke. Sita! Saba! Akainuka. Na mdogo wangu, badala ya kujikinga, akasimama mikono chini, akageuza uso pembeni kidogo. Alikuwa anamtafuta refa amwambie piga.

Kigingi kilimwingia jicho la kulia.

Sitasimulia kelele aliyotoa. Nitasimulia niliyofanya mimi. Jeshini nilijifunza ngumi jioni, lakini mchana, kule msituni tulikopigania, nilijifunza jambo jingine: mtu akianguka usimpe nafasi ya kuinuka. Hilo halikuwa na glovu. Nililijua miaka yote ile, lilikuwa ndani ya mwili wangu, na sikumfundisha mdogo wangu hata neno moja la hilo kwa sababu nilitaka mzungu aseme safi. Basi pale gulioni sikurusha ngumi hata moja. Nilimtia yule mtu mchanga wa macho, nikampiga goti, alipoanguka nikamkanyaga mbavu, nikamkanyaga tena, nikamng'ata sikio. Waliniondoa watu sita. Yowe lilikuwa limepigwa, watu wanakuja mbio na fimbo kutoka mashambani, na mimi bado ninarusha miguu hewani.

Jicho lilitolewa hospitali, siku ya tatu. Hawakuwa na namna.

Wiki chache baadaye tuliitwa kwenye baraza la mtemi, sote watatu. Yule mchungaji alikuja amejikunja upande mmoja kwa sababu ya mbavu, anahema kwa shida. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadharani. Wazee wakamwuliza: huyu kijana alikuwa amekuacha, amekwenda zake, kwa nini ukamfuata na kigingi? Akashangaa swali. Alishangaa kabisa, hakuwa anaigiza.

"Amekwenda zake wapi, wazee wangu? Alikwenda kwenye nguzo. Panga zilikuwa kwenye ile nguzo. Nilipofumbua macho nilimwona amefika penye panga na ananiangalia. Halafu watu wakaanza kuhesabu, kwa pamoja, kama watu waliokubaliana. Nikasema, wakifika mwisho nachinjwa. Ningefanya nini?"

Mzee mmoja akaniangalia mimi akasema, "Mlikuwa mnahesabu nini?" Nikaanza kumweleza. Sheria, refa, kumi. Nilisikia maneno yangu yanavyotoka, na nilitamani ardhi ipasuke. Yule mzee hakunikemea. Alitikisa kichwa tu, taratibu, akageukia shauri jingine la ng'ombe. Wakaamua ulikuwa ugomvi wa sokoni na kila mtu abaki na jeraha lake.

Winchi alipewa mwingine. Mzungu alisikitika, simnyimi haki yake, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni petu. Akamshika mdogo wangu bega akasema ameambiwa kila kitu, ameambiwa alipigana safi na alifuata sheria mpaka mwisho. Mdogo wangu akasema asante, bwana. Mimi niliingia ndani nisije nikafanya jambo la kunifunga.

Kazi iliyobaki kwa mtu wa jicho moja ilikuwa moja, kusukuma matoroli ya mawe, chini. Nilimwambia arudi nyumbani. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamtajia mama.

"Nirudi nikaonyeshwe?" akasema. "Bondia wa Geita huyo hapo, njooni mumwone. Niache, kaka. Wewe ulishuka, ukaniacha juu nicheze. Sasa zamu yangu."

"Mayu alisema usishuke."

"Mayu alisema pia nikusikilize. Nilikusikiliza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nilikaa nje mpaka ugali ukapoa, sikujua pa kuuweka uso wangu.

Asubuhi ya kwanza tuliingia pamoja ndani ya keji, tumebanana, taa zetu mkononi. Nilisimama kulia kwake, upande uliokufa, ili watu wasimgonge. Dereva mpya alikuwa bado hajapewa kengele, tukawa tunangoja. Mdogo wangu alilazimika kugeuza kichwa chote ili anione.

"Kaka, nataka nikuulize, halafu sitauliza tena. Ungekuwa wewe pale, baada ya kumwangusha, ungerudi nyuma?"

Nusu ya waliokuwemo ndani ya lile sanduku walikuwa gulioni siku ile, waliona niliyoyafanya wakati yeye ameshika jicho. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Ningerudi," nikasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi sikukosea."

"Hukukosea."

Kengele ikalia, tukashuka. Alisukuma matoroli miaka saba, na kifua chake kikaharibika kabla ya changu mimi niliyemtangulia. Nilimsikia akiwaambia vijana wapya kambini, akijigamba kidogo, kwamba kaka yake naye angefanya vile vile. Tulimzika akiwa bado anaamini hivyo.